Moto, Mkondo na Volti: Istilahi za Umeme katika Magari ya Muziki

Msomaji aliyepata kukaa Shinyanga, Kahama, Geita au Katoro hahitaji kuelezwa gari la matangazo ni kitu gani. Ni gari dogo, aghalabu kuukuu, lililofungwa vipaza sauti juu ya paa na masanduku ya besi nyuma, nalo hupita mitaani kwa mwendo wa mtu aendaye kwa miguu, likitangaza mnada, dansi, mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, au, kila baada ya miaka mitano, mgombea. Gari hili lina maradhi yake, na maradhi hayo yana lugha yake. Katika makala haya tunakusudia kuichunguza lugha hiyo, kwa kuwa ndani yake neno moja, yaani 'moto', linabebeshwa kazi ya maneno manne. Kwa ajili ya mzigo huo betri hununuliwa bure, altaneta nzima hutupwa, na mara nyingine gari lenyewe huteketea.

Tuchukue malalamiko ya kawaida. Mwenye gari anamwendea fundi asubuhi na kusema: 'Fundi, gari halina moto. Jana usiku muziki ulikuwa unakatakata, taa zinapepesa kila besi inapopiga, na leo stata haizungushi.' Fundi wa kwanza husikia 'moto' akafikiri juu ya betri, naye atashauri betri mpya. Wa pili husikia 'moto' akafikiri juu ya altaneta. Wa tatu husikia 'moto hautoshi', akaongeza ukubwa wa fyuzi ili 'moto upite vizuri'. Watatu hawa hawakukosa ujuzi wa mikono. Walipewa neno ambalo halikuwaonyesha mahali pa kutazama.

Katika matumizi ya mafundi, moto ni kwanza ule msukumo unaopimwa kwa volti, kama katika kauli 'betri ina moto wa kumi na mbili'. Pili, ni wingi wa umeme unaopita katika waya kwa wakati mmoja, kama katika 'amplifaya hii inakula moto'. Tatu, ni akiba iliyomo katika betri, ambayo wengine huiita chaji. Nne, ni upande mmoja wa sakiti, yaani waya wa moto ukilinganishwa na waya wa ethi. Maana hii ya nne haina madhara, nasi hatuoni sababu ya kuipiga vita. Kila fundi anajua waya wa moto ni ule utokao katika ncha chanya ya betri. Tatizo limo katika zile tatu za kwanza, maana ni vitu vitatu mbalimbali, kila kimoja na kipimo chake na dawa yake.

Istilahi za kuvitenganisha tunazo tangu zamani. Mwanafunzi wa shule ya msingi aliyesoma sayansi kwa Kiswahili amekutana na mkondo, volti, ampea, ukinzani na sakiti. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na kabla ya hapo Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilikwisha kueneza orodha za tafsiri sanifu za fani nyingi. Kilichopungua ni daraja kati ya darasa na gereji. Maneno ya darasani yalibaki yakijibu maswali ya mtihani, na gereji ikaendelea na 'moto' wake.

Basi na tuyapeleke maneno hayo gereji. Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme kati ya mahali pawili. Tunasisitiza 'mahali pawili', maana volti haiko mahali pamoja peke yake, kama vile urefu wa mteremko hauwezi kutajwa bila kutaja juu na chini. Betri ya gari dogo iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa huonyesha takriban volti 12.6 kati ya ncha zake mbili. Injini ikiwaka na altaneta ikifanya kazi sawasawa, ncha zilezile huonyesha kati ya 13.8 na 14.4. Mkondo ni kiasi cha umeme kinachopita, nao hupimwa kwa ampea. Zidisha volti kwa ampea upate wati, yaani kasi ya utumiaji wa nguvu. Majina haya yametokana na majina ya watu, Volta wa Italia, Ampère wa Ufaransa na Watt wa Uskochi, na Kiswahili kimeyapokea kwa kuyapa irabu mwishoni tu. Tunaona hivyo ndivyo ilivyo vema. Kipimo cha dunia nzima hakina haja ya jina la pili.

Hesabu ifuatayo yaonyesha kwa nini gari la matangazo hulalamika. Amplifaya ya aina ya zamani inayotoa wati 1,000 za kweli kwenye vipaza sauti haitumii wati 1,000 tu, kwani sehemu kubwa hupotea kama joto. Ikiwa asilimia 60 tu ya nguvu inafika kwenye vipaza sauti, itahitaji karibu wati 1,670, nazo katika volti 13.8 ni mkondo wa ampea 120 hivi. Taa mbili kubwa za mbele, za wati 55 kila moja, hutumia ampea 8 tu. Altaneta ya gari dogo nyingi hutengenezwa kutoa ampea 60 hadi 80, na kiasi hicho hupatikana injini ikizunguka kwa kasi, si inapozunguka polepole. Ni kweli kwamba muziki haupigi kwa nguvu zote kila nukta. Lakini kila besi inapodunda, mkondo mkubwa huhitajika kwa kitambo kidogo, na altaneta isiyoweza kuutoa huiachia betri deni hilo.

Hapa hali ya mahali inaongeza ugumu ambao vitabu vya wenye magari vya nchi za nje havikuufikiria sana. Gari la matangazo haliendi kasi. Hutambaa mitaa ya Geita au Masumbwe, husimama mnadani saa nzima injini ikinguruma chini, na katika hali hiyo altaneta hutoa pengine nusu tu ya kiwango chake au chini ya hapo. Dereva husema: 'Injini inawaka, kwa hiyo betri inachaji.' Kauli hiyo si lazima iwe kweli. Mita ikionyesha chini ya volti 12.6 kwenye ncha za betri ilhali injini inawaka na muziki unapigwa, betri hiyo haichaji, inatoa. Yafaa basi tuyatenganishe maneno mawili, kuchaji na kutoa, na tusikubali kwamba injini kuwaka ni sawa na betri kuchaji.

Neno chaji lenyewe tunalikubali kwa akiba ya betri, na kipimo chake ni ampea-saa. Betri ya ampea-saa 70 ikitoa mkondo wa ampea 35 yapaswa kuisha kwa saa mbili; kwa hakika huisha mapema zaidi, maana kadiri mkondo unavyokuwa mkubwa ndivyo betri inavyotoa pungufu ya kilichoandikwa juu yake. Tena betri ya kuwashia injini imeundwa kutoa mkondo mkubwa kwa nukta chache na kujazwa upya mara moja. Ikikaushwa mara kwa mara, salfeti ya risasi hugandamana juu ya bamba zake na uwezo wake hupungua daima. Ndiyo maana mwenye gari hununua betri tatu kwa mwaka na kulaumu kiwanda.

Tunafika sasa kwenye neno ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye manufaa makubwa kuliko yote, nalo ndilo linalosikika mara chache kuliko yote: ukinzani. Ni ile hali ya waya au kiungo kuuzuia mkondo usipite kwa urahisi, na kipimo chake ni omu, kutokana na Georg Ohm, Mjerumani aliyeandika kanuni yake mwaka 1827. Kanuni hiyo yasema kwamba mkondo ukipita penye ukinzani, volti hupotea hapo, na kadiri mkondo ulivyo mkubwa ndivyo upotevu ulivyo mkubwa. Fundi asiye na neno hili hana namna ya kusema kwamba betri ni nzima, altaneta ni nzima, amplifaya ni nzima, na bado muziki unakatika.

Mfano ni waya. Chukua waya wa shaba wenye eneo la milimita 4 za mraba, ule unaotumiwa majumbani kwa majiko, ukautandaza mita 5 kutoka betri hadi nyuma ya gari. Mkondo wa ampea 80 ukipita humo, karibu volti 1.7 zitapotea njiani, na wati zaidi ya 130 zitageuka joto ndani ya waya wenyewe, chini ya zulia la gari. Huko ni kuficha joto linalozidi la taa zote mbili kubwa mahali pasipoonekana. Waya wa milimita 35 za mraba kwa urefu na mkondo uleule utapoteza volti 0.2 tu. Ndipo lugha inapohitaji usahihi mwingine: fundi akisema 'waya mkubwa', muuzaji huweza kumpa waya wenye ganda nene na shaba chache ndani. Tunapendekeza watafsiri waandike daima 'eneo la shaba' na kulitaja kwa milimita za mraba.

Upotevu hauko upande wa chanya peke yake. Mkondo wote uliokwenda lazima urudi, na katika gari hurudi kupitia bodi ya chuma hadi ncha hasi ya betri. Njia hii ya kurudi ndiyo mafundi waiitayo ethi. Tumepata kuona tafsiri zinazoandika 'waya wa ardhini' mahali pa ethi ya gari, na tafsiri hiyo inapotosha. Katika nyumba, ethi kweli huelekea ardhini, ambako fito ya chuma imechimbiwa. Gari limekaa juu ya mipira minne. Hakuna kinachokwenda ardhini. Mwanafunzi anayesoma 'waya wa ardhini' atautafuta chini ya gari, au, vibaya zaidi, ataona kwamba hauna umuhimu kwa kuwa gari haligusi ardhi. Pendekezo letu ni kuliacha neno ethi libaki katika fani ya magari, kwa maana ya njia ya kurudi ya mkondo kupitia bodi, na pale ufafanuzi unapohitajika kuandikwe 'njia ya hasi'.

Ethi mbaya ndiyo kisa cha magari mengi ya ukanda huu. Fundi hufunga skrubu ya ethi juu ya rangi, au juu ya bati lenye kutu na vumbi, naye huridhika kwa kuwa redio imewaka. Redio ya ampea 2 haitamwonyesha kosa. Amplifaya ya ampea 80 itamwonyesha. Kipimo chake ni rahisi, na mwalimu anaweza kukifundisha kwa dakika kumi. Mita huwekwa kwenye volti za mkondo mnyofu. Ncha moja hugusa hasi ya betri yenyewe, ncha ya pili hugusa nati ya ethi ya amplifaya, injini ikiwaka na muziki ukipigwa kwa nguvu. Panapo ethi njema mita huonyesha karibu na sifuri. Ikionyesha nusu volti au zaidi, ugonjwa uko hapo. Dawa ni msasa hadi chuma king'ae, nati iliyokazwa, na waya wa ethi wenye eneo la shaba sawa na ule wa chanya. Baada ya hapo kipimo hichohicho hufanywa upande wa chanya, kisha kwenye ule waya unaounganisha injini na bodi, ambao husahauliwa na karibu kila mtu ingawa mkondo wa altaneta hupita humo. Na ajabu ni kwamba fundi aliyesikia 'ukinzani katika ethi' hulifanya jambo hili bila kuambiwa mara ya pili, lakini aliyesikia 'moto mdogo' hununua betri.

Fyuzi inastahili aya yake kwa sababu ya hatari iliyomo. Mtu husema 'fyuzi ya redio', naye hudhani kwamba kazi yake ni kuilinda redio. Fyuzi hulinda waya. Ukubwa wake huchaguliwa kufuata uwezo wa waya, si kufuata hamu ya amplifaya, na mahali pake ni karibu kabisa na betri, kabla waya haujapenya bati la mbele kuingia ndani. Ikiwekwa nyuma karibu na amplifaya, waya ukichunika njiani na kugusa bodi, hakuna kitakachoukata mkondo. Betri itatoa mamia ya ampea hadi waya uwe mwekundu. Anayeondoa fyuzi ya 30 na kutia ya 100, au kuzungusha karatasi ya sigara juu ya fyuzi iliyoungua, ameufanya waya wenyewe kuwa fyuzi. Hapo ndipo 'moto' hurudia maana yake ya asili. Kwa hiyo tunawaomba watafsiri wa miongozo wasiandike 'fyuzi ya amplifaya' pale maandishi yanapokusudia 'fyuzi ya waya wa amplifaya'. Neno hilo moja huokoa gari.

Kuhusu kapasita tutasema machache. Katika maduka ya vipuri huitwa 'betri ndogo ya muziki', na jina hilo humvutia mteja kwa kuwa humwahidi akiba. Kapasita ya faradi 1, volti zikishuka kutoka 14 hadi 12, hutoa jouli 26 tu. Mtumiaji wa wati 1,000 huzimaliza kwa chini ya sehemu ya thelathini ya nukta moja. Hupunguza kupepesa kwa taa, lakini haiwezi kuziba pengo la altaneta. Tuiite kapasita, na jina la betri tuliachie betri.

Upande wa Isaka na Kahama, ambako malori huelekea Rwanda na Burundi, kuna kisa kingine chenye istilahi zake. Lori hutumia volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Redio na amplifaya za volti 12 ni rahisi kupatikana, hivyo dereva huzifunga kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Muziki hupiga vizuri, na madhara hayaonekani kwa wiki kadhaa. Altaneta hutoa volti 28 kwa jozi nzima bila kujua kwamba betri moja imenyonywa. Ile iliyonyonywa ikibaki na volti 13, mwenzake hupokea 15. Moja haijai kamwe, nyingine hutokota na kukauka maji. Zote mbili hufa, na dereva husema alipunjwa dukani. Kifaa kinachotakiwa ni cha kushusha volti 24 ziwe 12, chenye kuweza kubeba mkondo wa vyombo vyote vya muziki. Baadhi ya maandishi hukiita transfoma. Transfoma hufanya kazi kwa mkondo geu tu, na umeme wa betri ni mkondo mnyofu, hivyo mwenye kununua transfoma kwa kufuata tafsiri hiyo amepoteza fedha zake. Tunapendekeza 'kishusha volti', jina linalotaja kazi na lisiloahidi zaidi.

Yako pia maneno ya vyombo vya sauti vyenyewe. 'Kipaza sauti' hutumiwa kwa kile anachosemea mtangazaji na kwa kile kinachotoa sauti juu ya paa, na katika maelezo ya namna ya kuunganisha nyaya mkanganyiko huo hauvumiliki. Watu wamekwisha kujitatulia kwa kusema maiki na spika, na sabufa kwa spika ya besi. Hatuoni aibu kuyapokea. Ukanda ulioita shimo la dhahabu 'duara' kwa neno la nyumbani, na mtambo wa kusaga mawe 'karasha' kwa neno la kukopa, unajua kuchagua bila kusimamiwa. Amplifaya nayo ina jina la pili, 'kikuza sauti', ambalo ni zuri. Lakini fundi hatalielewa dirishani mwa duka la vipuri, basi liandikwe pamoja na lile la kwanza hadi lizoeleke.

Limebaki jambo moja lisilo na jina lililokubalika, nalo ni ile sauti nyembamba inayosikika katika spika na kupanda kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Wengine huiita kelele, wengine mbu. Kelele ni neno pana mno, kwa sababu mkwaruzo wa spika iliyopasuka nao ni kelele, na dawa zake ni tofauti. Sauti hii hutokana na mawimbi madogo yanayobaki katika umeme wa altaneta baada ya diodi kuunyoosha, nayo huingia katika muziki hasa pale redio na amplifaya zinapofungwa ethi mahali pawili penye volti zisizolingana, au diodi moja inapokufa. Fundi huanza kwa kuzifunga ethi zote mbili mahali pamoja. Sauti ikibaki, hupima diodi. Kwa kuwa hupanda na kushuka kama mtu anayepiga mluzi, sisi tunapendekeza 'mluzi wa altaneta', na tungependa kusikia kutoka kwa walimu wa vyuo vya ufundi kama wanafunzi wao wana neno lililo bora kuliko hilo.